Rimu ya Nyuma, Upande wa Kushoto

"Shoga, hilo gurudumu la nyuma lina nini hata humwachii mtu mwingine aliguse?"

Jirani yangu Orlinda ndiye aliyeniuliza hivyo, mwaka mmoja wa zamani, ameegemea uzio wake na kikombe cha kahawa mkononi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye changarawe, ndoo pembeni, nasugua rimu ya nyuma ya kushoto ya gari la mume wangu.

Nikamjibu, "Lina jina langu ndani."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya." Akamwaga kahawa iliyobaki, akaingia kwake.

Nilimdanganya. Nawaambia ninyi mnaonisoma kila Jumamosi, kwa sababu nimeshaanza kusema na sioni pa kuishia katikati.

Kwa yule ambaye hakunifuata tangu mwanzo: mimi ni Celsa Maestas, mjane, wa bonde la Española, na nilisoma mpaka darasa la sita. Wiki ya kwanza niliandika jinsi mapafu ya mume wangu Eliseo yalivyoanza kukataa kazi. Ya pili niliandika mvua ya mawe ilivyobomoa paa la jikoni. Wiki iliyopita niliandika kifo chenyewe, mwezi wa kumi na moja, tukiwa chumbani sisi wawili tu, kwa sababu Librada, binti wa Orlinda, aliyekuwa akinisaidia kumwuguza, alikuwa ametoka kwenda kununua barafu.

Hayo yote ni kweli. Ila niliyaandika kwa kuruka.

Msomaji mmoja ameuliza kwa nini mjane ang'ang'anie gari badala ya kuliuza. Basi sikiliza habari za gari.

Ni Monte Carlo ya mwaka themanini na nne, rangi ya divai, limeshushwa mpaka tumbo linakaribia kugusa lami, kama yalivyo magari yote yanayopendwa kwetu. Watu wengi bondeni huweka rimu za waya, za kromu. Eliseo hakuzitaka. Alipata rimu nne za aloi za zamani, akazisugua mwenyewe majira ya baridi mazima, bila rangi wala kifuniko juu yake, aloi tupu, mpaka ukiinama unaona meno yako.

Rimu ya namna hiyo ina masharti kama mgonjwa wa kisukari.

Haioshwi ikiwa ya moto. Haioshwi juani. Ndoo ya magurudumu haiwi ndoo ya bodi, maana vumbi la breki ni kama mchanga, litakwaruza rangi. Sabuni ni ya kawaida tu, ya upole. Ukimaliza unakausha hapo hapo, kwa sababu maji ya visima vyetu yanaacha madoa meupe. Ndipo unapaka polishi na kusugua mpaka kitambaa kigeuke cheusi tii. Mgeni akiona weusi ule anashtuka akidhani ameharibu. Sisi tukiuona tunajua kazi inakwenda. Mwisho kabisa ni nta, nyembamba, unaiacha ipate ukungu halafu unaifuta.

Hivyo, kila Jumamosi, miaka yote ya ndoa.

Na kulikuwa na desturi moja ya Eliseo na wenzake wa klabu ya magari. Mtoto akizaliwa, baba anafungua gurudumu moja, anachukua msumari, na kwa ndani kabisa, upande unaotazama breki ambako hakuna apitaye akaona, anakwaruza jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa. Tangu siku hiyo rimu hiyo ni ya mtoto huyo. Akikua, anaiosha yeye. Mwingine haruhusiwi kuigusa na kitambaa. Watu wameshapigana ngumi kwa sababu hiyo.

Sisi tulijaliwa watoto watatu. Abrán, mbele kulia. Genoveva, mbele kushoto. Moisés, nyuma kulia.

Ikabaki moja.

Nililijua jina lililomo ndani yake siku iliyofuata Ijumaa Kuu moja, miaka ishirini na miwili iliyopita. Ijumaa hiyo tulikuwa tunatoka kuhiji Chimayó, tairi ikapata msumari. Eliseo mgongo ulikuwa umemkamata, hawezi hata kuinama, basi nikafungua mimi. Kesho yake yeye yuko kitandani na chupa ya maji ya moto mgongoni, mimi nikaliosha gurudumu lile kabla ya kulipeleka kuzibwa. Nikalilaza kifudifudi. Nikasugua ndani.

LIBRADA. 20-7-98.

Nikainua macho. Librada mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiko langu, ana miaka mitatu na kitu, anakula mkate wangu.

Hakuna aliyewahi kushangaa jina lake. Tarehe ishirini Julai ni sikukuu ya Mtakatifu Librada, na kwetu mtoto mara nyingi hupewa mtakatifu wa siku yake. Kwamba mama mzazi wa Eliseo naye aliitwa Librada, tuliona ni bahati nzuri. Kwamba Eliseo ndiye aliyesimama kama baba wa ubatizo, tuliona ni ujirani mwema. Orlinda alisema baba wa mtoto alikuwa mpita njia aliyefia Colorado kwenye machimbo, nasi tukamwombea rozari huyo mpita njia.

Sikulia. Sikuvunja kitu. Nilipaka nta juu ya jina, na tairi ilipokwisha kuzibwa nikalifunga gurudumu mahali pake.

Jioni ile mezani, Moisés, aliyekuwa bado mdogo, akamwuliza baba yake, "Baba, na ile rimu ya nne ni ya nani?"

Eliseo akashika kijiko hewani. Akanitazama mimi.

"Ya mama yenu," akasema.

Watoto wote watatu wakanigeukia.

Nikasema, "Ndiyo."

Dhambi ya mume wangu ilikuwa na miaka yake tayari. Yangu ilianzia kwenye "ndiyo" hiyo.

Librada alikua ndani ya nyumba zote mbili. Mimi ananiita mama mkubwa. Alipotimiza miaka kumi na miwili alinifuata kwenye banda la gari, nikiwa na kitambaa mkononi, akaniuliza, "Mama mkubwa, baba yangu ni nani hasa? Mama analia tu nikimwuliza."

Nikamwambia, "Mungu anajua, mwanangu."

Akaketi akanisaidia kukunja vitambaa.

Sasa ana miaka ishirini na mitano. Anafanya kazi kwenye karakana ya rimu barabara kuu, na wanaume wazima wenye masharubu wanamngojea foleni yeye tu. Wanangu wa kiume walipohama, mmoja Albuquerque, mwingine Denver, yeye ndiye aliyebaki akiniletea kuni. Baada ya mazishi alikuja kila asubuhi kuwasha jiko langu. Bila kuitwa.

Kwa hiyo nilichokiogopa kilikuwa kimoja tu, na msisahau mnaposoma yanayofuata: rimu ile ikitoka, jina litasomwa, na mimi nitampoteza huyo anayewasha jiko.

Sasa nije kwenye Alhamisi Kuu ya mwaka huu.

Kwetu, Ijumaa Kuu ya kwanza baada ya mtu kufa, gari lake ndilo linalotangulia magari yote kwenye msafara. Kofia yake inawekwa mbele ya kioo. Padre anatoka kanisani na maji ya baraka na kunyunyizia magurudumu kwanza, ndipo bodi. Genoveva ndiye angeendesha. Alikuwa amekuja tangu Jumatano na mtoto wake na zulia jipya la gari.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kanisani kupamba altare. Niliporudi saa nne, nikamkuta binti yangu amekaa chini bandani, miguu mbele, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama, usikasirike."

"Nini?"

"Nilitaka nikupumzishe. Magoti yako yanauma, nikasema leo mama asipige magoti."

"Umefanya nini, Genoveva?"

Akanyoosha kidole.

Rimu ya nyuma ya kushoto ilikuwa nyeupe. Si nyeupe ya kung'aa. Nyeupe ya maziwa yaliyoganda, yenye michirizi ya kijivu. Miale yote mitano, ile mikono ya rimu inayotoka katikati kwenda ukingoni, imekufa.

Chini palikuwa na chupa ya dawa. Niliitambua. Kila banda la gari bondeni kwetu lina chupa ile, maana kila mtu ana rimu za waya za kromu, na tindikali ile inakula kutu kwenye kromu vizuri sana. Mume wa Genoveva ana rimu za kromu. Ameizoea.

"Ulilizungusha gari kwanza?"

"Nililipeleka mpaka posta nikarudi. Betri ilikuwa imelala."

"Kwa hiyo ilikuwa ya moto."

"Kidogo."

"Ukaiacha dakika ngapi?"

"Tano. Kama anavyofanya yeye." Akaanza kulia. "Mama, ilianza kutoa mapovu, nikadhani ni uchafu unatoka!"

Ningeweza kumgombeza. Nilitazama chupa, nikatazama kofia ya Eliseo ambayo alishaiweka mbele ya kioo, nikaona ukingo wake una vumbi. Nikaufuta.

"Basi," nikasema. "Tutaegesha upande ule uelekee mtaroni. Hakuna atakayeona."

"Padre anazunguka gari zima, mama."

"Tutaweka kifuniko."

"Kifuniko! Kwenye rimu za baba? Wenzake watatuzomea hadi Santa Fe." Akafuta kamasi na kiganja. "Nimeshampigia Librada. Yuko njiani."

Nikauliza, "Umempigia nani?"

Nilikuwa nimesikia.

Librada alifika na lori la karakana, redio inapiga kelele, akaizima alipokumbuka ni Alhamisi Kuu. Akachuchumaa mbele ya rimu. Akapiga mluzi.

"Wee Geno, hii umeiosha au umeipika?"

"Usinicheke, nitalia tena."

"Mumeo ana rimu za kromu, na wewe una kichwa cha kromu. Aloi tupu na tindikali! Hata mashine ya kuoshea mjini imeandikwa onyo kwa maandishi makubwa."

"Inapona au haiponi?"

Librada akapitisha kidole gumba. Ana vidole vyeusi siku zote, polishi imeingia kwenye mistari ya ngozi. "Inapona. Msasa wa maji, wa kukwaruza kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi, halafu mashine. Kufikia saa kumi itakuwa kama ya arusi." Akasimama. "Ila lazima itoke."

Nikasema, "Isafishe hapo hapo ilipo."

"Mama mkubwa, ukingo wa ndani siufikii. Na dawa imepita katikati ya miale mpaka nyuma. Nisipoisuuza, itaendelea kula."

"Acha ile. Mungu haangalii rimu."

"Mungu haangalii, lakini mzee Eliseo akiiona hii atafufuka kabla ya Jumapili."

Nikafanya ishara ya msalaba. Genoveva akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Librada alishaingiza jeki.

Gari likapanda. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa banda, na nakumbuka nilihesabu nati. Ziko tano.

Ya kwanza ilitoka kirahisi.

"Ngoja nikupikie kitu kwanza," nikasema. "Hujala."

"Nimekula."

Ya pili.

Hapo ndipo Orlinda alipoingia uani na bakuli la panocha, ule uji wetu mzito mtamu wa ngano iliyochipuka, wa Kwaresima, limefunikwa kitambaa. Anakuja nalo kila Alhamisi Kuu. Akaliona lori la binti yake. Akaliona gari likiwa juu ya jeki. Akaona ni upande upi.

Akalikumbatia bakuli kifuani.

"Librada," akasema. "Hebu njoo nyumbani mara moja. Bomba la jikoni linavuja."

"Mama, lile bomba linavuja tangu Krismasi."

"Leo limezidi. Maji yako mpaka sebuleni."

"Fungia koki ya nje. Niko kazini."

Ya tatu.

"Nimesema njoo, wewe mtoto! Rimu ya watu siyo yako kuifungua. Mwenyewe Celsa yupo, amekuruhusu?"

"Muulize."

Orlinda akanigeukia. Tukatazamana.

Nilimjua mwanamke yule miaka thelathini. Tumezika wazazi pamoja, tumekaanga mayai ya Kwaresima kwenye sufuria moja. Siku ile nikaona machoni mwake kitu ambacho niliwahi kukiona mara moja tu, pale kwenye uzio, kabla hajamwaga kahawa. Kumbe alijua kilichomo ndani. Kumbe siku ile hakuwa akiuliza habari za gurudumu. Alikuwa akinipima kama najua.

Na yeye akaona kwamba najua.

"Sijamruhusu," nikasema.

"Umesikia?" Orlinda akadakia. "Hajaruhusu. Toka chini ya gari la watu."

Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka ile tulikuwa upande mmoja, mimi na yeye. Tulikuwa tumechelewa kwa nati tatu.

Genoveva akatuangalia kwa zamu. "Ninyi wawili mna nini? Mama, unataka tumwaibishe baba kesho mbele ya bonde zima? Wewe ndiye uliyetufundisha kila mtu na rimu yake, hii ni yako, na mimi nimeiharibu. Niacheni nitengeneze nilichoharibu. Librada, fungua."

Ya nne. Ya tano.

Librada akalikumbatia gurudumu, akalivuta, akalilaza kifudifudi juu ya gunia. Akachukua mpira wa maji, akasuuza. Maji yalitoka meusi, halafu kijivu, halafu meupe.

Nilikuwa nategemea uchafu. Miaka ishirini na miwili ya vumbi la breki juu ya nta yangu. Nilijiambia litakuwa ganda gumu kama lami, hakuna herufi itakayoonekana. Lakini tindikali ya Genoveva ilikuwa imepita katikati ya miale, ikashuka ndani, ikalamba pale pale. Ikala nta. Ikala vumbi. Herufi zilikuwa safi kana kwamba msumari umeinuliwa sasa hivi.

"Hapa pana maandishi," Librada akasema.

"Ni jina la mama!" Genoveva akasogea mbio, akisahau machozi. "Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunabembeleza atuonyeshe, anakataa. Eti ni siri ya ndoa. Hebu soma tarehe ya arusi." Akainama. "Li... Librada."

"Mm?" Librada akaitika.

"Hapana, ndivyo ilivyoandikwa. Librada." Akaangua kicheko. "Ha! Kumbe baba aliandika jina la mama yake! Mama, na wewe miaka yote unamfichia mzee? Unamsugulia mama mkwe?"

Akanigeukia akisubiri.

Neno lililotakiwa lilikuwa moja. "Ndiyo." Nilishawahi kulisema mezani na likafanya kazi miaka ishirini na miwili. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Orlinda akanisemea. "Ni bibi yenu huyo. Mama yake Eliseo, Mungu amrehemu. Sasa funga, tuondoke."

Librada hakumsikiliza. Alikuwa anafuta maji kwa kidole gumba, polepole, kwenda kulia kwa jina.

"Bibi yao alizaliwa tisini na nane?" akauliza.

Orlinda akakiweka sawa kitambaa cha bakuli.

"Ishirini, saba, tisini na nane," akasoma tena. "Hii ni siku yangu mimi."

Kicheko cha Genoveva kilikuwa bado usoni, hakijapata pa kwenda. "Basi alikuandika kwa ajili ya ubatizo," akasema. "Si alikuwa baba yako wa ubatizo? Mama? Si ndiyo?"

"Geno," Librada akasema, "mimi nafungua magurudumu ya klabu ile kila siku. Nimeona mamia ya majina. Sijaona hata moja la mtoto wa ubatizo."

Genoveva akakaa chini pale pale alipokuwa amekaa asubuhi.

Orlinda akaweka bakuli juu ya boneti. "Mwanangu, mimi ndiye..."

"Wewe ngoja, mama. Zamu yako ipo." Hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, na alikuwa bado amepiga magoti, kwa hiyo ilinibidi niinamishe macho nimtazame. "Mama mkubwa. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa na miaka mitatu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea vipimo vya gurudumu. "Nilikuuliza nikiwa na kumi na miwili. Ilikuwa hapa hapa. Ulikuwa na kitambaa cha njano."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia Mungu anajua."

"Ndiyo."

Genoveva akaanza kusema kitu kuhusu baba yake, kwamba haiwezekani, baba hakuwa mtu wa hivyo. Sauti yake ilikuwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu. Mimi nilikuwa naona matone ya maji yakikauka kwenye ukingo wa rimu. Nikawaza, yataacha madoa.

"Kuna siku nyingine," Librada akasema. "Siku ile ya mwisho. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake. Alinishika mkono. Akasema, 'Librada, gurudumu la nyuma.' Nikamwambia tulia mzee, gari liko salama, nitalitazama mwenyewe. Akatikisa kichwa. Akasema tena, 'La nyuma, la kushoto, ndani.' Nikadhani anaweweseka."

"Nakumbuka," nikasema.

"Ukaingia. Ukasema midomo yake imekauka, nikimbie nikanunue barafu."

"Ndiyo."

"Nikakimbia. Duka la jirani lilikuwa limefungwa, nikaenda mpaka ng'ambo ya daraja. Niliporudi alikuwa amekwisha. Wewe umekaa na rozari." Akasimama sasa. Ni mrefu. Sikuwahi kuona, au niliona sikutaka kuona, kwamba anasimama kama Eliseo, bega moja chini. "Nikaenda jikoni kuweka ile barafu. Nikafungua friza."

Nilijua anakoelekea. Sikuwa na pa kujificha, na nawaapia sikupatafuta.

"Mlikuwa na mifuko miwili, mama mkubwa. Mifuko miwili imejaa, haijafunguliwa. Nikasimama pale na wa tatu mkononi. Nikajiambia, maskini, ana mumewe anakufa, atajuaje kilichomo kwenye friza." Akaonyesha jikoni kwa kidole. "Miezi mitano najiambia hivyo. Kila asubuhi nikija kuwasha jiko naipita ile friza. Sasa niambie mbele ya mama yangu na mbele ya huyu. Hukujua?"

Orlinda alikuwa ameziba mdomo na kitambaa cha bakuli.

Mimi ninafunga Ijumaa zote za Kwaresima. Nimekwenda kuungama kila mwezi tangu nilipokuwa na miaka saba. Jambo hili sikuwahi kulitia ndani ya kile kibanda cha kitubio, kwa sababu nilijiambia kumtuma mtu barafu si dhambi.

"Nilijua," nikasema. "Niliiweka mwenyewe asubuhi ile."

Librada akachukua kitambaa mfukoni. Akafuta vidole vyake, kimoja kimoja, ingawa vyeusi vile havitoki kwa kitambaa. Akakikunja mara nne, jinsi nilivyomfundisha. Akakiweka juu ya ndoo.

Halafu akainama, akalisimamisha gurudumu, akalielekeza mlangoni. Nilisogea kumpisha. Alilibingirisha mbele kwa kiganja kimoja, akampita mama yake, akalipita lori lake na ufunguo ukiwa bado ndani, changarawe ikilia chini ya tairi, na nyuma yetu Monte Carlo ikiwa imesimama kwa magurudumu matatu na jeki, kofia ya Eliseo mbele ya kioo.

Genoveva akaita, "Librada! Kesho je?"

Langoni, nyumba yao iko kushoto. Librada akapinda kulia, na gurudumu lake, bila neno lingine.